Mpokea Wageni wa Besi ya Kwanza

Nikiri mapema tusije tukasumbuana baadaye: sikujua kucheza softiboli. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, mwaka 2019, na nilijiunga na timu ya pili ya wasichana ya shule yetu kwa sababu moja tu, kwamba timu ya pili haikumkataa mtu. Timu ya kwanza ilikuwa ya wasichana waliokuwa wakirushiana mpira na baba zao tangu wana meno ya utoto. Timu ya pili ilikuwa yetu sisi tuliobaki. Tulikuwa kumi na mmoja, na wanaohitajika uwanjani ni tisa, kwa hiyo hata aliyecheza amefumba macho alikuwa na matumaini.

Kwa ambaye hajauona mchezo huu, nitaueleza kama nilivyouelewa mimi. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa rungu la alumini, kisha anakimbia. Anakimbilia besi ya kwanza, ambayo ni kimto cheupe kilichobanwa ardhini, halafu ya pili, halafu ya tatu, halafu anarudi alikoanzia na kuhesabiwa pointi. Mguu wake ukiwa juu ya besi, hakuna wa kumgusa. Akiutoa mguu, na mchezaji wa upande wa pili mwenye mpira mkononi akamgusa, ametoka, anarudi benchi, sawa na mpigaji aliyekosa mipira mitatu. Wakitoka watatu, pande zinabadilishana, na pande zote mbili zikishapiga ni awamu moja kati ya saba. Mengine yote niliyofundishwa msimu ule niliyaona ni mapambo.

Kocha wetu alikuwa mwalimu wa historia, mtu mrefu aliyetafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kikombe cha kahawa. Nadhani alipewa timu yetu kwa sababu alichelewa kufika kwenye kikao. Alinitazama nikikimbia mara moja, akaandika kitu kwenye daftari, na tangu siku hiyo hakuniomba tena nikimbie. Akaniweka besi ya kwanza. Pale, alisema, unahitaji mtu mrefu anayeweza kusimama.

Kusimama niliweza.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama, kwenye fleti ya ghorofa ya pili mtaa wa Vickery Meadow. Mama ni Mrundi. Mimi nilizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi, Kigoma, na tulifika Dallas, Marekani, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Alifanya kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli moja, akitoka alfajiri na kurudi saa tisa mchana miguu imevimba. Hakulalamikia mashuka wala miguu. Alicholalamikia ni ngazi za jengo letu, kwa sababu kwenye ngazi zile watoto walipishana na watu wazima bila salamu, waya masikioni, macho kwenye simu. Jambo hilo lilimuuma kama kidonda. Ikafika mahali akawa anasimama katikati ya ngazi na mifuko yake ya sokoni, hapiti na hapitishi, mpaka mtoto amsalimie. Watoto wa Kinepali na wa Kiburma wa jengo letu wote walijua kusema "Shikamoo", nao walidhani maana yake ni "naomba nipite".

Kwa hiyo nilipomletea fomu ya softiboli aitie sahihi, hakuuliza habari ya kuumia wala ya masomo. Aliuliza kitu kimoja.

"Mchezo huo una adabu?"

"Una adabu sana, mama."

"Sawa. Lakini sikiliza. Siku nitakayoona unakuharibia adabu, ndiyo siku utakayouacha. Sitakuuliza mara mbili."

Akatia sahihi. Nami namjua mama yangu: hajawahi kuniuliza kitu mara mbili.

Sasa niseme jinsi nilivyopata umaarufu. Ilikuwa mechi ya kwanza, mwezi wa pili, upepo wa baridi unavuma na ndege weusi wa kwenye maegesho wamejaa juu ya uzio. Msichana wa timu pinzani akapiga mpira ukaenda mbali, akaja mbio, akafika besi yangu salama, anahema. Wenzetu wakanirudishia mpira. Na mimi, Mungu ni shahidi, sikuwa na nia mbaya hata kidogo. Mtu amefika mahali ulipo, anahema, ametoka mbali. Unafanyaje? Unamsalimia. Nikampa mkono wa kulia, wa kushoto nimeushikiza kwenye kiwiko kama tufanyavyo kwetu kwa heshima, nikamuuliza hali yake, na safari, na kama mama yake hajambo. Yule msichana alishangaa, akatabasamu, akasogea hatua moja ili anipe mkono vizuri.

Mrushaji wetu aliona kabla yangu. Alikuwa Mkongo wa Uvira, anakaa ghorofa ya chini kwetu, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, na mdomo wake haukuwa na mlango.

"Gusa ye!" akapiga kelele. "Weye, mupira uko nayo! Gusa ye!"

Nikatazama chini. Kweli, mpira ulikuwa kwenye glavu yangu. Kweli, mguu wa mgeni wangu ulikuwa kwenye vumbi. Nikamgusa begani, taratibu, bado nimemshika mkono.

Refa akanyoosha kidole gumba. Ametoka! Kocha alimeza mbegu zake na maganda yake.

Kosa la kwanza ni kosa. Kuanzia la pili, likawa kazi yangu. Sikuwa na mbio, na kupiga kwenyewe nilipiga upepo tu, lakini nilikuwa na salamu, na salamu za kwetu si za kusema "hai" na kupita. Zina habari za asubuhi, za nyumbani, za shule, za wazazi, na kila moja inasubiri jibu. Msichana wa Kimarekani aliyelelewa vizuri hajui pa kukimbilia katikati ya salamu kama hizo. Wale wagumu, waliong'ang'ania besi, niliwafanyia usafi. "Samahani dada," nawaambia kwa Kiingereza changu laini, "kuna vumbi hapo unaposimama, ngoja nikupangusie." Napiga goti, napangusa besi kwa mkono wa jezi yangu. Nao, kwa aibu ya kupigiwa goti, wanainua mguu. Wakati huo rafiki yangu mrushaji anafunga kamba za kiatu chake katikati ya uwanja kana kwamba anasuka mkeka. Mpira, bila shaka, ninao mimi.

Niliwatoa saba namna hiyo. Refa mmoja mzee alinitazama kwa muda, akafungua kitabu chake cha sheria, akakifunga. Akasema haoni sheria niliyovunja, ila asingependa niwe mjukuu wake. Kocha alinunua mfuko mkubwa zaidi wa mbegu. Wenzangu walianza kuniita kwa jina la utani, na kwenye basi la shule nilikaa kiti cha nyuma, kiti cha watu wa maana. Naomba mnielewe: tangu nimefika nchi ile nilikuwa yule msichana mrefu anayechelewa kujibu darasani. Sasa nilikuwa mtu. Nilikuwa tayari kusema uongo mwingi ili niendelee kuwa mtu, na nafasi ya kuusema ilikuja mapema.

Mama alipata ruhusa kazini mechi ya tano. Alikuja na kitenge chake cha Jumapili, akapanda mabasi mawili, akakaa kwenye jukwaa peke yake, mkoba juu ya magoti. Nilimwona nikataka kufa. Lakini mchezo haungoji, na katika awamu ya tatu akafika msichana besi yangu, na mkono wangu ukaenda wenyewe, na goti likaenda lenyewe. Akatoka. Awamu ya tano, mwingine. Nilipoinua macho, mama alikuwa amesimama, mkono kifuani, uso wake unang'aa namna ambavyo sikuwa nimeuona uking'aa tangu Kigoma.

Mechi ilipokwisha alinishika mashavu yote mawili.

"Nimeona," akasema. "Nimeona mwenyewe kwa macho yangu. Kila anayefika unamsalimia. Unampigia goti! Mwanangu, katika uwanja mzima ni wewe peke yako unayewasalimia wageni. Wale wengine wamesimama tu kama nguzo."

Hapo ndipo mtoto mwema angeeleza sheria za mchezo.

"Ndiyo kazi yangu, mama," nikasema. "Kila anayekuja anaanzia kwangu."

"Wamekuchagua wewe?"

"Wamenichagua mimi."

Kocha akaja kumwamkia. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa mama kila mahali, kuanzia kliniki mpaka ofisi ya fleti, na mtu aliyempa mtoto wa miaka kumi na mitano kazi hiyo bila kumwapisha ajilaumu mwenyewe. Kocha akasema: "Mwambie mama yako sijawahi kufundisha mtoto mjanja kama wewe. Ni shetani mdogo." Nikamgeukia mama: "Anasema hajawahi kufundisha mtoto mwenye adabu kama mimi. Anasema ni malaika." Mama akamshika kocha mkono, kiwiko kimeshikwa sawasawa, akainama. "Mwambie ahsante sana. Mwambie akikosea amchape, mimi sitasema kitu." Nikamwambia kocha: "Anashukuru."

Tukiwa kwenye basi kurudi nyumbani, mama akaniuliza.

"Lakini wale wasichana. Ukishawasalimia, wengine wanaondoka saa hiyo hiyo. Kwa nini?"

"Zamu yao inakuwa imeisha."

"Mbona wengine wanabaki, wanaendelea mbele? Wale uliowapigia goti ndio walioondoka. Na mmoja aliondoka amekasirika."

"Wamarekani hawana muda wa kukaa, mama."

Vituo viwili mbele akatikisa kichwa.

"Hapana," akasema. "Najua tatizo. Mnawapokea mikono mitupu."

Nilicheka. Nilidhani ameishia hapo.

Sitaeleza kwa kirefu yaliyofuata kwenye jumuiya yetu. Inatosha kusema kwamba Jumapili baada ya misa mama aliwahadithia kina mama wote, na kina mama walipofika nyumbani waliwahadithia watoto wao, na watoto wao walitaka kunipiga. "Mtazame mwenzako," ndiyo kauli waliyoisikia asubuhi na jioni. "Mwenzako hata katika mchezo anapokea wageni." Rafiki yangu mrushaji alilazimishwa na mama yake kumsalimia dereva wa basi kila siku kwa majuma mawili. Alinijia amefura.

"Weye utaniua," akasema. "Mama iko ananiuliza juu ya nini mimi sina-greet watu pa terrain ya kucheza. Nimuambie nini? Nimuambie ukweli?"

"Ukimwambia, mama yangu ananitoa kwenye timu. Nita-quit siku hiyo hiyo. Nani atakaa first base?"

Akafikiri. Alikuwa mrushaji mzuri, lakini waliopiga mipira yake walikuwa wengi, na bila mimi kuwatoa pale besi ya kwanza angeaibika kila juma. "Bon," akasema. "Lakini siku utashikwa, mi sikujue."

Ilikuwa mechi ya mwisho ya nyumbani, mwezi wa nne. Timu iliyokuja ilitoka vitongoji vya kitajiri vya kaskazini, ambako hata timu ya pili ina mabegi yanayofanana. Uwanja wa timu ya pili shuleni kwetu uko nyuma, karibu na maegesho, umebanwa. Uzio uko hatua chache tu kutoka besi ya kwanza, na una uwazi wa kupitia wachezaji. Nilikuwa nimesimama mahali pangu rafiki yangu aliponijia na kuninong'oneza.

"Mama yako ashakuya. Iko na seau."

Niligeuka. Mama alikuwa anakuja kando ya uzio, kitenge cha Jumapili, na mkononi ndoo nyeupe ya plastiki yenye kifuniko. Hakwenda jukwaani. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye ule uwazi, akaweka ndoo chini, akafunua. Harufu ilifika kabla ya maneno. Maandazi. Alikuwa ameamka saa nane usiku kuyakaanga kabla ya kwenda kazini, na alikuwa ameyafunika kwa taulo ili yabaki laini, na sasa alikuwa anayapanga kwenye leso za karatasi, moja moja.

"Mama, hapana. Hapa hawali."

"Wewe fanya kazi yako," akasema. "Mimi nakusaidia."

Awamu tano zilipita bila balaa kwa sababu nilijitahidi, siku hiyo sikumsalimia mtu. Nilisimama kama nguzo. Kocha aliniuliza kama naumwa. Mama naye alinitazama kwa wasiwasi, na kutoka kwenye uzio akampungia mkono kila msichana aliyefika besi, nao walimpungia na kuendelea na mbio zao. Nilianza kuamini kwamba Mungu anawapenda waongo.

Awamu ya sita, matokeo sare, wapinzani wanapiga, wawili wao wameshatoka. Akaja mrushaji wao. Alikuwa msichana wa umri wangu, mwenye chunusi zangu na vifundo vyangu vya miguu, na aliupiga mpira akafika besi yangu sekunde moja kabla ya mpira wenyewe. Mpira ukatua kwenye glavu. Refa akainama kufuta vumbi kule anakosimama mpigaji. Rafiki yangu mrushaji, kwa mazoea, akapiga goti katikati ya uwanja na kuanza kufunga kamba za kiatu.

"Karibu, mwanangu!" sauti ya mama ikasema nyuma yetu. "Karibu! Umechoka. Njoo, njoo!"

Yule msichana hakuelewa neno hata moja, na alielewa yote. Mama alikuwa amesimama kwenye uwazi wa uzio, andazi kwenye leso, amelinyoosha kwa mikono miwili, amejiinamisha kidogo, uso wote umefunguka. Kuna watu wanaoweza kuukataa uso ule, lakini si watoto wa miaka kumi na mitano wanaohema. Msichana alinitazama, kana kwamba ananiuliza ni sawa? Nami, mwanamke mwenye adabu kuliko wote uwanjani, nikatikisa kichwa kumkubalia.

Akatoa mguu. Akapiga hatua moja, mbili, akanyoosha mkono.

Ningependa kusema kwamba niliwaza. Nilikuwa na muda wa kuwaza. Hatua mbili si chache. Niliona mikono ya mama. Niliona mgongo wa yule msichana na nywele zilizotoka kwenye helmeti. Nikasikia kocha ameacha kutafuna. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, na yangu ilikuwa na urefu wa kutoka besi mpaka uzio. Nikaipita. Nikamgusa begani wakati vidole vyake vinaigusa leso.

Refa aliinua kichwa, akatazama mguu, akatazama glavu, akatafuta kwa macho mtu aliyeomba mchezo usimame. Hakuna aliyeomba. Akanyoosha kidole gumba, na nadhani hakupenda.

Wenzangu walilipuka kwa shangwe. Andazi lilianguka. Yule msichana alibaki amesimama, mkono bado mbele, akigeuza macho kutoka kwa mama kuja kwangu na kurudi kwa mama, na nikaona anachofikiri: kwamba tulipanga, sisi wawili. Kisha akaanza kulia, akakimbilia benchi lao uso amefunika kwa helmeti.

Mama aliliokota andazi, akalipuliza vumbi, akalishika.

"Mbona analia? Anaenda wapi, hajala?"

"Ametoka, mama."

"Kwa nini?"

"Alitoa mguu kwenye besi. Ukitoa mguu, ukaguswa, umetoka."

"Alitoa mguu kwa sababu nilimwita."

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua."

Wenzangu walikuwa wananipita wakinipiga mgongoni, wakiimba jina langu la utani. Mama aliwatazama. Mwanamke anayekagua mashuka kwa siku nzima, doa halimpiti. Niliona anarudi nyuma kwa mawazo, mechi ya tano, goti langu, mkono wangu, wasichana walioondoka mapema, mmoja aliyekasirika, malaika wa kocha, kina mama wa jumuiya. Alifika mwisho.

"Na wale wengine?"

"Mama, ni mchezo tu."

"Umewatoa kwa salamu," akasema. Hakupandisha sauti. "Na huyu umemtoa kwa mkono wangu."

Nilisubiri aniambie nivue glavu, twende nyumbani. Niliisubiri kabisa, nilishaanza kulegeza kamba. Badala yake akafunika ndoo, akaiinua, akaanza kutembea. Alipita nyuma ya mpigaji, nyuma ya refa, kandokando ya uzio wote, taratibu, miguu yake ilivyovimba, mpaka upande wa wageni. Kwenye jukwaa lao walikaa wazazi wenye viti vya kukunja na miwani ya jua. Mama alisimama mbele yao, akasema kitu ambacho hakuna aliyeweza kumfasiria, kwa kuwa mkalimani wake alikuwa upande wa pili wa uwanja akitamani ardhi ipasuke. Kisha akafunua ndoo. Nikaona baba mmoja anasimama kumpisha kiti.

Akakaa. Akakaa upande wa wageni, amenielekea.

Awamu ya saba walipata pointi mbili. Zamu yetu ilipofika, tulitoka wawili haraka, halafu msichana wetu mmoja akafika besi ya kwanza, halafu mwingine, na kwa kuwa shetani hana likizo, aliyefuata kupiga nilikuwa mimi. Aliyenirushia alikuwa yule yule. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwenye kona ya mdomo alikuwa na chembe ya sukari, kwa hiyo nikajua kwamba mama alimfikia. Mpira wa kwanza ukanipita. Nilizungusha rungu kwenye wa pili nikapiga hewa. Wa tatu sikuuona kabisa. Refa akanitoa, mechi ikaisha, na katika makofi ya adabu ya wazazi wale wenye miwani kikapanda kigelegele kimoja, kirefu, chenye mikunjo, kinachojulikana kuanzia Kigoma mpaka Bujumbura. Viti vya kukunja vyote viligeuka. Mama alikuwa amesimama juu ya jukwaa, akimshangilia msichana aliyenishinda.

Niliona aibu mpaka kwenye nyayo. Na ndani ya aibu hiyo, nikiwa bado nimeshika rungu, kicheko kilinibana nikakimeza.

Kuna desturi nzuri katika mchezo ule. Ukiisha, timu mbili zinapanga mistari, zinapishana zikigusana mikono, na kila mmoja anasema kwa Kiingereza maneno yale yale mawili, umecheza vizuri. Nilijipanga mwisho kabisa. Yule mrushaji wao alinipita mkono wake ukiwa mfukoni. Hilo nilistahili na nilikuwa nimelitarajia. Ambacho sikukitarajia ni kwamba mstari wao haukuishia kwake. Nyuma yake, wa mwisho, akija na ndoo tupu kwenye kiwiko, alikuwa mama yangu. Ama hakujua kwamba mstari ni wa wachezaji, ama alijua.

Alimsalimia kila mmoja wa wenzangu kwa mikono miwili. Alimwambia rafiki yangu mrushaji, "Pole mwanangu, umetupa vizuri, mama hajambo?" na rafiki yangu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alimwamkia mtu mzima bila kulazimishwa. Alimwinamia kocha. Aliuliza hali, akangoja jibu, hata pale ambapo jibu lilikuja kwa Kiingereza. Nilimwona akinijia, mtu mmoja baada ya mwingine, nikafuta mkono wangu kwenye suruali, nikautayarisha, wa kushoto kwenye kiwiko, nikainamisha kichwa kama alivyonifunza.

Mama yangu hajawahi kunisemesha Kiingereza, wala kabla wala baada ya siku ile. Aliponifikia alinigusa ncha za vidole, macho yake yakiangalia mbele, akatamka yale maneno mawili kama alivyosikia wengine wakiyatamka.

"Good game," akasema, akanipita.